Asubuhi Bila Ngano

Ondoa ngano kwenye mlo wa mchana wa nyumba nyingi za Tanga, hutaona pengo. Ugali upo, wali upo, muhogo, ndizi, viazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, kisamvu; vyote vinabaki mahali pake. Iondoe kwenye chai ya asubuhi, na mezani linabaki birika na kopo la sukari. Chapati ni ngano. Maandazi ni ngano. Mkate wa boflo, sambusa, kaimati, visheti, tambi za sukari na biskuti za watoto, vyote ni ngano.

Kwa hiyo daktari alipotueleza kwamba binti yetu ana ugonjwa wa seliaki, na kwamba ngano, shayiri na rai zisipite tena mdomoni mwake maisha yake yote, swali la kwanza nyumbani halikuwa la mchana wala la usiku. Kesho asubuhi atakunywa chai na nini? Na nyumba yetu ilikuwa na mambo mengine tayari: baba yake akinywa maziwa tumbo humvimba, na mdogo wake ana mzio wa karanga. Ilibidi kitafutwe chakula kinachoweza kuliwa na wote, kutoka sufuria moja, bila mtoto mmoja kutengewa kisahani chake pembeni kama mgonjwa wa hospitali. Wazazi wanaoulizana swali hilohilo leo ndio ninaowaandikia.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, na protini za jamii yake zimo kwenye shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, ushike hewa ya hamira na kulifanya andazi livimbe. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona protini hiyo kuwa adui, na katika kupambana nayo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vinyweleo vinavyofyonza chakula hulika na kulala. Mtoto anakula vizuri, lakini chakula hakimfaidishi. Tumbo hujaa, choo huwa chepesi na chenye harufu kali, uzito haupandi, kimo kinadumaa, damu inapungua na vidonge vya madini ya chuma haviirudishi. Kwa watu wazima wengine dalili pekee ni huo upungufu wa damu usioisha. Ndiyo maana wengi hutibiwa minyoo na amiba kwa miaka kabla mtu yeyote hajafikiria mkate.

Nimesikia sana ikisemwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Duniani kote inakadiriwa kwamba mtu mmoja hivi kati ya kila 100 anao ugonjwa huu, na kiwango kimojawapo cha juu kabisa kilichowahi kuripotiwa kinatoka Afrika: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wakiwa nao. Ugonjwa hufuata urithi wa damu, kwa hiyo mgonjwa mmoja akipatikana, wazazi na ndugu zake hushauriwa nao wapimwe.

Hapa kuna jambo ninaloomba lisipuuzwe. Usimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale gluteni inapoendelea kuliwa, na kipande cha utumbo kinachochukuliwa kwa kamera huonyesha madhara yaliyopo wakati huo. Ukiacha ngano kwanza kisha ukaenda kupima baada ya miezi, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa ukabaki umejificha. Tena si kila anayedhurika na ngano ana seliaki. Yuko mwenye mzio wa ngano, ambaye anaweza kuvimba midomo na kubanwa pumzi ndani ya dakika chache. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Yuko pia ambaye tumbo lake haliivumilii tu, na vipimo vyote vinatoka vizuri. Kila mmoja ana masharti yake, na atakayewatenganisha ni daktari. Jirani na mganga wa mitishamba hawawezi.

Aliyegundua kwamba mhalifu ni ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliyeongoza hospitali ya watoto mjini The Hague. Daktari Samuel Gee wa London alikwisha kuueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888, na alishuku kwamba tiba yake imo kwenye chakula, ila hakujua ni chakula kipi. Miaka ya 1920 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, akawa anawalisha wagonjwa wake ndizi kwa wingi. Watoto walipata nafuu, naye akaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na kile ambacho hawakula. Dicke alikuwa ameanza kuutilia mkate shaka tangu miaka ya 1930. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika Uholanzi na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye seliaki hawakuzidiwa, na mkate uliporudi maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 Dicke aliyaweka hayo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utrecht. Mpaka leo tiba ya uhakika ni hiyohiyo: kuiacha gluteni kabisa.

Neno kabisa ndilo gumu. Kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Wataalamu huwashauri wagonjwa wasifikishe zaidi ya miligramu 10 kwa siku nzima. Piga hesabu uone ni makombo kiasi gani hayo. Kanuni za chakula za kimataifa, Codex Alimentarius, zinakitambua chakula kuwa hakina gluteni kikiwa na kiasi kisichozidi miligramu 20 katika kila kilo. Sasa fikiria kibao cha kusukumia chapati kilichotumika miaka yote, unga umeingia kwenye mikwaruzo ya mbao. Fikiria mwiko, chekecheke, kikaango cha chuma kilicholowa mafuta ya chapati. Vitu hivyo havitoi ngano kwa kuoshwa. Nilimpa wifi yangu kibao, mpini na chekecheke, nikanunua vipya, nikavifunga utepe mwekundu kwenye vishikio ili hata mgeni anayesaidia jikoni avijue.

Nilipoanza kutafuta mapishi nilielekezwa kwenye mikate ya kopo na unga maalumu kutoka nje, unaouzwa kwenye maduka makubwa kwa bei ya mara nyingi zaidi ya unga wa kawaida. Siwalaumu wanaonunua. Lakini naona tunatafuta mbali kitu kilichopo karibu. Pwani hii ilikuwa na vitafunio vya mchele na mtama kabla ngano haijawa ya kila siku. Mama yangu mkwe, niliyemwendea na karatasi ya daktari mkononi, aliisikiliza yote, kisha akasema: "Mwanangu, kwani vitumbua vina nini?"

Havina kitu. Vitumbua ni mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Vibibi ni vilevile, ila humiminwa vyembamba na kukunjwa. Mkate wa kumimina ni mchele. Vileja ni unga wa mchele na samli. Bajia za kunde ni kunde. Mkate wa mofa wa asili ni mtama. Na kwa sababu tui limeshika nafasi ya maziwa katika sehemu kubwa ya mapishi haya, baba wa watoto naye anakula bila wasiwasi. Orodha hiyo ilitosha kuufuta woga niliotoka nao hospitali.

Kuna siri kwenye vitumbua ambayo wapishi wazuri huijua na wengine huiziba kwa ngano. Mchele hauna gluteni ya kushika hewa, kwa hiyo rojo lake likiwa jepesi vitumbua hulala, na baadhi ya wauzaji huongeza unga wa ngano ili vishikane. Ndiyo maana vya barabarani huwezi kuvila bila kuuliza. Njia ya zamani ni hii: mchele unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unasagwa kwa tui zito mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Kabla ya kutia hamira, unachota kiasi kidogo cha rojo hilo, unakipika na maji mpaka kiwe uji mzito, unakipoza, unakirudisha ndani na kupiga kwa mkono. Uji huo ndio unaofunga. Wanga uliopikwa hunata na kuzuia povu la hamira lisipotee, kazi ileile inayofanywa na gluteni kwenye andazi. Rojo likiumuka na kuanza kutoboka matundu juu, chuma cha vitumbua kiwe kimeshapata moto wa kutosha. Mafuta kidogo tu kila shimo.

Kanuni hiyo ya wanga uliopikwa ndiyo iliyonipa chapati. Binti yangu hakulilia mkate, alililia chapati, na mimi sikutaka kumwambia aisahau. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi na kijiko cha mafuta. Maji yakitokota, mimina kikombe kimoja cha unga laini wa mchele, koroga upesi, zima moto, funika uache kidogo. Kisha ukande ungali moto, mkono ukiwa umepakwa mafuta. Usisubiri upoe, kwa kuwa unga wa mchele uliopoa bila kukandwa hukatika. Tonge liweke kati ya karatasi mbili za plastiki safi, ulisukume taratibu, ulipeleke kwenye kikaango kikavu chenye moto. Ukitaka iwe laini na ikunjike bila kupasuka, changanya robo ya unga wa muhogo, au loweka kijiko cha maganda ya isabgol kwenye maji mpaka yatoe ute, uyatie wakati wa kukanda. Isabgol huuzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za Kihindi kwa ajili ya choo kigumu. Majirani wenye asili ya Gujarati hufanya kazi kama hiyo kwa unga wa mawele, wakiutandaza kwa viganja bila mpini, na mkate wao wa mawele ukipakwa samli unapendeza kuliko chapati nyingi nilizokula. Chapati hii ya mchele haina tabaka za chapati ya kusukuma. Ina ladha yake, inachota mchuzi vizuri, na iliwe ikiwa moto.

Shida kubwa kuliko mapishi ni mashine ya kusaga. Mashine ya mtaani husaga mahindi, kisha ngano ya mtu, kisha mtama, kisha uji mchanganyiko wenye ngano ndani yake, na unga wa aliyetangulia hubaki kwenye kinu na kwenye mfuko wa kutolea. Mchele wako ukiingia, unatoka na ngano ya jirani. Nimezungumza na mwenye mashine wa karibu nasi, naye ni muungwana. Alinieleza wazi kwamba hawezi kuisafisha kila mara. Kwa hiyo mchele tunausagia nyumbani kwa blenda, ukiwa umelowekwa, na unga mkavu tunautwanga kwenye kinu na kuuchekecha. Ni kazi. Kwa familia isiyo na blenda wala nafasi ya kinu, naona tumaini liko kwa vikundi vya kina mama wasindikaji: kikundi kimoja katika kila mji kikitenga mashine moja kwa mchele, mtama na muhogo pekee, na kuliandika hilo kwenye mfuko, kitapata wateja waaminifu.

Ngano hujificha pia pale usipoitarajia. Urojo unaopendwa sana Zanzibar huunganishwa kwa unga, na mara nyingi ni wa ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Soseji nyingi, mipira ya nyama na baadhi ya viungo vilivyosagwa na kufungwa huwa na unga wa kujazia. Katlesi huweza kuviringishwa kwenye chenga za mkate. Vinywaji vya kimea na bia nyingi ni shayiri. Unga wa uji wa lishe, ambao tunawapa watoto kwa nia njema kabisa, mara nyingi una ngano kati ya nafaka zake. Na chipsi! Viazi ni viazi, lakini karai lililokaangiwa sambusa na maandazi asubuhi ndilo linalokaanga chipsi mchana. Mafuta hayo yana ngano.

Unga wa dengu hauna gluteni, ila kwa mtoto mwenye mzio wa karanga niliuliza kwanza kwa daktari, maana dengu na karanga ni jamii moja ya mimea ya mikunde na wapo wachache wanaodhurika na vyote viwili. Mtoto huyo alipimwa akaonekana salama. Usiige nyumba yetu kwa hilo. Pima nyumba yako.

Kuhamia kabisa kwenye mahindi na muhogo nako kuna hatari zake, na nasikitika kwamba wanaoshauriwa kuacha ngano hawaelezwi. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu wenye sumu, na mwaka 2016 sumukuvu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi. Mtu anayekula nafaka moja asubuhi, mchana na usiku anajiwekea hatari hiyo mara tatu kwa siku. Kwa hiyo tunazungusha: mchele, mtama, mawele, ulezi, viazi vitamu, magimbi, ndizi. Mahindi yaliyobadilika rangi au kunuka uvundo hayaingii ndani, hata yawe ya bure. Tena unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na mchele unaosaga mwenyewe hauna nyongeza hiyo. Mtoto aliyeharibika utumbo ndiye anayeyahitaji zaidi. Ulezi una kalisi nyingi. Dagaa, maharage, maini na majani ya mboga yanaleta chuma. Ndimu juu ya mchicha husaidia chuma hicho kufyonzwa.

Jikoni mwangu naweza kulinda. Mezani pa watu ni vigumu zaidi, na hapo ndipo moyo wa mzazi huumia. Sisi tunakula sinia moja. Mwezi wa Ramadhani mtu anamega chapati, anachovya kwenye bakuli la wote, mtoto anachota mchuzi kutoka bakuli lilelile. Kumwambia shangazi aliyekesha jikoni kwamba binti yako hatakula kwenye sinia lake kunahitaji adabu na maelezo, na huwa naenda kuyatoa mapema, siku kadhaa kabla ya shughuli. Nimeona kwamba watu hukubali haraka ukiwaambia la kufanya kuliko ukiwaambia lisilofaa. "Shangazi, wali wake nitauomba uchotwe kwanza, kabla sinia halijatoka" ni ombi ambalo halijawahi kukataliwa. Au napeleka mkate wa kumimina mkubwa unaowatosha wote, wenye afya na wenye masharti, ukae katikati ya meza.

Familia za Kikatoliki zina swali la komunyo. Mwaka 2017 Vatikani ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Ekaristi, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Mwenzangu mmoja alizungumza na paroko wake, wakakubaliana kuhusu kikombe cha pekee, kwa kuwa padre hutumbukiza kipande cha hostia kwenye kikombe chake wakati wa misa.

Nafuu haikuja usiku mmoja. Tumbo lilianza kutulia baada ya wiki chache, ila damu ilichukua miezi kupanda, na daktari ametueleza kwamba utumbo wa mtoto hupona taratibu. Kipimo cha kingamwili hurudiwa kuona kama ngano inaingia kwa mlango wa nyuma. Siku hizi binti yetu mwenyewe ndiye anayeuliza. Akifika kwa mama wa vitumbua, shikamoo kwanza, halafu: "Mama, umetia unga wa ngano? Na mafuta haya umekaangia nini kingine?" Wengine hucheka, wengi humjibu kwa ukweli, na mmoja pale mtaani sasa humpikia vyake mwanzo kabisa, kabla karai halijaguswa na andazi.

Mwakani anaanza kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ugali na maharage ya shule havinitishi. Kinachonitisha ni uji wa asubuhi na wapishi wanaobadilishana zamu. Tumepata barua ya daktari, tumeomba kuonana na matroni na mpishi mkuu kabla ya shule kufunguliwa, na tumeomba sufuria moja ndogo na mwiko wake vyenye utepe mwekundu vikubaliwe jikoni, pamoja na unga wa ulezi tutakaoupeleka kila muhula. Matroni amesema tuje na binti yetu, aonyeshe mwenyewe uji wake unavyopikwa.